Bukavu: Wanameza "ya mugongo" kila jioni. Mambo ya kujua kabla tumbo na figo havijaharibika

Bukavu, Kivu Kusini – Mashua zikimaliza kushusha mizigo kwenye bandari ya Muhanzi, wamama wanafunga magunia kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, kisha wanaanza kupanda mlima. Ni mihogo, makaa, maharagwe au ndizi. Mara kilo 50, mara zaidi. Jioni, kabla ya kurudi nyumbani, wengi wanapitia kwa kijana mwenye katoni ya dawa. Hawataji jina la dawa. Wanasema tu: "Nipe ya mugongo." Kijana anakata vidonge viwili au vitatu kwenye plaketi, anavifunga kwenye kipande cha karatasi, anapokea franka zake. Boksi halionekani, na karatasi ya maelezo haionekani.

Mara nyingi "ya mugongo" ni diklofenaki au ibuprofeni. Zote mbili ni za kundi la dawa zinazopunguza maumivu, uvimbe na homa. Si dawa mbaya. Wanganga wanaziandikia wagonjwa kila siku, na ibuprofeni iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, OMS. Mtu mzima mwenye afya nzuri akimeza ibuprofeni kwa kiasi kinachofaa, siku mbili tatu, kwa kawaida hapati shida yoyote. Hatari inaanza pale kidonge cha siku moja kinapogeuka kidonge cha kila siku, na pale mtu anapomeza dawa mbili akifikiri ni tofauti, kumbe ni dawa ileile.

Hilo la pili nililiona nyumbani kwetu.

Boksi nililonunua mwenyewe

Mama mdogo wangu, mdogo wa mama yangu mzazi, amebeba mizigo miaka zaidi ya kumi. Amevuka umri wa miaka 50. Kwenye kituo cha afya walikuwa wamemkuta na tansio, akapewa vidonge vya kumeza kila asubuhi. Lakini jioni alikuwa na vidonge vyake vingine: viwili vya "ya mugongo", kutoka kwa kijana wa katoni. Nilipomwambia apumzike alinijibu: "Mwanangu, mugongo yangu njo shamba yangu. Nikilala, watoto watakula nini?"

Sikuwa na jibu. Mwisho wa mwezi, nilipopata mshahara, nikaingia farmasi na kumnunulia dawa niliyoona ni bora zaidi: boksi zuri, lenye jina kubwa la rangi nyekundu. Nilimwambia ameze kimoja asubuhi na kimoja mchana. Alifurahi. Alimeza za kwangu, na jioni akaendelea na za kijana wa katoni, kwa kuwa kwake zilikuwa dawa mbili tofauti: moja ya farmasi, nyingine ya barabarani.

Wiki zikapita. Akaanza kulalamika moto tumboni, akasema ni gastriti ya njaa. Choo chake kikawa cheusi, hakumwambia mtu. Alichoka haraka, akasema ni uzee. Siku moja alianguka katikati ya mlima na gunia mgongoni. Hospitalini walimkuta amepungukiwa damu sana. Kidonda cha tumbo kilikuwa kinavuja damu, kidogo kidogo, bila maumivu makali. Alipewa mifuko miwili ya damu. Kaka yangu na mimi tulitoa ya kurudisha.

Munganga aliomba tumletee dawa zote zilizoko nyumbani. Tukazipanga mezani. Akageuza boksi langu, akaweka kidole chini ya lile jina kubwa jekundu. Palikuwa na herufi ndogo: diclofenac, miligramu 75. Kisha akachukua kipande cha plaketi ya barabarani, akakielekeza kwenye mwanga: diclofenac, miligramu 50. Kiasi cha juu kwa mtu mzima ni miligramu 150 kwa siku. Mama mdogo alikuwa anafikisha 250, juu ya dawa za tansio.

Kidonge hakichagui

Ili kuelewa kilichompata, tuangalie namna dawa hizi zinavyofanya kazi. Mwili ukiumia, unatengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini. Ndizo zinazosaidia kuleta uvimbe, maumivu na homa. Mwaka 1971, Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini na dawa zinazofanana nayo zinazuia mwili kutengeneza prostaglandini. Kwa uchunguzi huo, mwaka 1982 alipewa tuzo ya Nobel ya uganga pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson wa Uswidi.

Lakini prostaglandini zina kazi nyingine nzuri. Ndani ya tumbo zinalinda ngozi laini ya tumbo isichomwe na asidi inayosaga chakula. Kwenye figo zinasaidia mishipa kubaki wazi ili damu ipite na kuchujwa. Kidonge kikiingia kwenye damu hakichagui kwamba hapa ni mgongo, pale ni tumbo. Kinazizuia kote. Mgongo unapoa, na wakati huohuo tumbo linabaki bila ulinzi na figo zinapata damu kidogo.

Hapa ndipo imani mbili zinazosikika sana mjini zinapokosea.

Ya kwanza ni kwamba ukila chakula kwanza, dawa haiwezi kudhuru. Ni kweli kwamba kumeza baada ya kula, na kwa glasi kamili ya maji, kunapunguza kichefuchefu na moto wa tumbo. Lakini kidonda kinasababishwa pia na dawa iliyokwisha kuingia kwenye damu. Ugali hauzuii hilo.

Ya pili ni kwamba sindano ni salama kwa tumbo kwa kuwa haipitii mdomoni. Sindano ya diklofenaki inaingia kwenye damu, na damu inafika tumboni na kwenye figo. Tena, ikichomwa vibaya kwenye tako inaweza kuumiza mshipa wa fahamu wa mguu, au kuacha jipu. Sindano haina sababu ya kuwa njia ya kwanza kwa mtu anayeweza kumeza.

Jina kubwa na jina dogo

Kila boksi lina majina mawili. Jina kubwa ni la biashara; kila kiwanda kinachagua lake. Jina dogo ni la dawa yenyewe. Majina ya biashara ni mengi mno, hakuna anayeweza kuyakariri. Majina madogo ya kundi hili ni machache, na mengi yanatambulika kwa mwisho wake:

– yanayoishia na "profen", kama ibuprofen na ketoprofen; kwenye maboksi ya Kifaransa, "profène";
– yanayoishia na "fenac", kama diclofenac na aceclofenac;
– yanayoishia na "oxicam", kama piroxicam na meloxicam;
– naproxen, indometacin na aspirini.

Ukikuta majina mawili ya orodha hii kwenye dawa zako, usizimeze pamoja. Hazisaidiani, zinaongeza madhara tu. Mtu aliyeandikiwa aspirini ndogo ya kila siku kwa ajili ya moyo asiiache, lakini amuulize munganga kabla ya kuongeza nyingine.

Parasetamoli haiko kwenye kundi hili. Inapunguza maumivu na homa bila kuumiza tumbo kwa namna hiyo. Nayo ina mpaka wake: kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mtu anayekunywa pombe sana au mwenye ugonjwa wa ini anahitaji kiasi kidogo zaidi. Angalia pia vidonge vyenye dawa mbili au tatu ndani, kwa mfano parasetamoli pamoja na ibuprofeni au diklofenaki. Anayemeza hivyo na kuongeza parasetamoli nyingine juu yake anaweza kuvuka mpaka bila kujua.

Kiasi gani, siku ngapi

Kwa ibuprofeni, mtu mzima anayejinunulia anaweza kumeza miligramu 200 hadi 400 kwa mara moja, kisha asubiri saa 6 kabla ya kurudia. Kwa siku nzima isizidi miligramu 1200. Kiasi cha juu ya hapo ni kazi ya munganga. Kwa homa isizidi siku 3, kwa maumivu isizidi siku 5. Kama siku hizo zimeisha na maumivu bado yapo, usiongeze dawa. Tafuta sababu ya maumivu.

Diklofenaki inapaswa kutolewa kwa karatasi ya munganga. Mwaka 2013, shirika la dawa la Umoja wa Ulaya lilitangaza kwamba inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na ya kupooza kwa kuziba mishipa ya ubongo, hasa kwa kiasi kikubwa na kwa muda mrefu. Likasema isipewe watu waliokwisha kupatwa na magonjwa hayo.

Kanuni ya wanganga ni moja kwa dawa zote za kundi hili: kiasi kidogo kinachotosha, kwa siku chache iwezekanavyo.

Nani asimeze bila kuongea na munganga

Mwenye kidonda cha tumbo, au aliyewahi kutapika damu. Hatari inazidi kwa mwenye kijidudu cha tumbo kinachoitwa Helicobacter pylori, kwa mzee wa zaidi ya miaka 65, na kwa anayemeza dawa kama prednisolone au dexamethasone, au dawa za kuzuia damu kuganda. Ikibidi mtu wa namna hiyo ameze, munganga anaweza kuongeza dawa ya kulinda tumbo kama omeprazoli.

Mwenye tansio. Dawa hizi zinaweza kupandisha tansio na kupunguza nguvu ya dawa zake. Anayetumia captopril, enalapril au lisinopril pamoja na dawa ya kukojoza, kisha akaongeza ibuprofeni au diklofenaki, anaweka figo zake kwenye hatari kubwa.

Mwenye ugonjwa wa figo, wa moyo au wa ini, na mtu wa pumu ambaye aspirini iliwahi kumbana kifua.

Mama mjamzito. Mwaka 2020, mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuepuka dawa hizi kuanzia wiki ya 20 ya mimba, kwa kuwa zinaweza kuharibu figo za mtoto na kupunguza maji anamoogelea. Miezi ya mwisho, zinaweza kufunga mapema mshipa wa damu ambao mtoto anauhitaji kabla ya kuzaliwa. Mama asisubiri wiki ya 20 ndipo aulize. Mwenye mimba aseme ana mimba kabla hajauziwa chochote.

Mtu anayehara au kutapika. Sisi wakaaji wa kando ya ziwa tunajua kipindupindu. Mwili uliokauka maji unategemea prostaglandini ili figo zipate damu. Ukizizuia wakati huo, figo zinaweza kusimama kwa siku chache. Hili ni muhimu zaidi kwa watoto. Mtoto anayehara mwenye homa apewe maji ya chumvi na sukari yanayotolewa kwenye kituo cha afya, na parasetamoli kulingana na kilo zake.

Na mnywaji wa pombe. Lutuku au kasiksi juu ya vidonge hivi vinaongeza hatari ya tumbo kutoka damu.

Homa ikishuka, ugonjwa bado upo

Watu wengine wanameza dawa hizi kwa ajili ya homa. Huku kwetu ni hatari ya aina nyingine. Homa ya malaria inaweza kushuka kwa saa chache baada ya kidonge, mgonjwa akaamka, akarudi kazini, huku vijidudu vinaendelea kuongezeka kwenye damu yake. Kidonge cha maumivu hakiui malaria. Mtu mwenye homa apimwe kwanza, na kama ni malaria apate dawa ya malaria.

Kuna funzo pia kutoka Beni na Butembo. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 uliua watu 2287 katika Kivu Kaskazini, Ituri na sehemu ya Kivu Kusini. Kwa homa na maumivu ya wagonjwa wa Ebola, wanganga wanatumia parasetamoli na kuepuka aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, kwa sababu zinaweza kuzidisha kutoka damu. Mtu aliye nyumbani na homa hajui bado ana ugonjwa gani. Kwa hiyo kwa homa isiyojulikana sababu yake, parasetamoli ni chaguo salama zaidi wakati anaelekea kupimwa.

Dalili za kwenda hospitali siku hiyohiyo

Simamisha dawa na uende hospitali ukiona moja kati ya hizi: choo cheusi kinachonata kama lami, kutapika damu, au matapishi yanayofanana na kahawa iliyosagwa, kizunguzungu na kupauka, mkojo kupungua sana, miguu au uso kuvimba, maumivu ya kifua, kukosa pumzi, au upande mmoja wa mwili kulegea, uvimbe wa midomo, au vipele mwili mzima baada ya kumeza.

Wamama wanaomeza vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma wanajua kwamba navyo vinafanya choo kuwa cheusi. Lakini kama unameza vyote viwili, usikisie. Nenda ukapimwe.

Usingoje maumivu makali ya tumbo. Kwa kuwa dawa yenyewe inazima maumivu, kidonda kinaweza kukua bila mtu kusikia kitu.

Na asiyeweza kupumzika?

Ni rahisi kumwambia mbeba mizigo apumzike. Anayekula leo alichobeba leo hana ruhusa ya ugonjwa. Hata hivyo kuna mambo anayoweza kufanya.

Aanze na parasetamoli, siyo diklofenaki. Kama maumivu yako sehemu moja, goti au bega, dawa ya kupaka ya diklofenaki inaingia kidogo sana kwenye damu kuliko kidonge. Kitambaa cha maji ya moto usiku kinalegeza misuli na hakina gharama ya farmasi. Mzigo mmoja ukigawanywa kuwa safari mbili unapunguza uzito unaokandamiza uti wa mgongo. Na maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni na kuufanya ufe ganzi, yanayoamsha usiku pamoja na homa na kukonda, au yanayozuia mkojo, siyo ya kidonge. Kifua kikuu kinaweza kushika uti wa mgongo, nacho kinahitaji dawa zake chenyewe.

Wauzaji nao wana sehemu yao. Kijana wa katoni anatafuta chakula cha watoto wake kama wengine, lakini kidonge kilichokaa juani bila boksi hakina tarehe ya kuisha na hakina maelezo. Kwenye farmasi, swali moja tu kwa mteja, "Kuna dawa nyingine unameza?", lingemkinga mama mdogo wangu. Mimi pia sikuuliza.

Kabla ya kumeza dawa ya maumivu, maswali manne yanatosha: Jina lake dogo ni lipi? Kuna nyingine ya kundi hilo ninayomeza? Nina tansio, figo, kidonda cha tumbo au mimba? Nitaimeza siku ngapi?

Mama mdogo bado anabeba, lakini nusu gunia kwa safari. Dawa zake anaziweka kwenye mkebe wa maziwa, kila moja ndani ya boksi lake, na anabeba mkebe wote akienda kwa munganga. Hakusoma sana, herufi za diclofenac alifundishwa na mjukuu wake. Wiki iliyopita tulipita pamoja mbele ya kijana wa katoni. Kijana akamwita, akamwonyesha plaketi mpya ya mgongo, akamwambia hii ina nguvu kuliko ile ya zamani. Mama mdogo akaipokea, akaigeuza kwenye mwanga.

"Jina yake ya kidogo njo gani?" akauliza. Kijana hakujua. Akamrudishia.